MAFUNDI WA GEREJI NAO WAHITIMISHWE

Mtu anayetaka kujua visiwa vyetu vinategemea nini asiishie kutazama bandari na hoteli peke yake. Na azitazame barabara. Mtoto anayekwenda skuli, mgonjwa anayekimbizwa Mnazi Mmoja, muhogo wa shamba, karafuu za Wete na mgeni anayepelekwa Nungwi, wote na vyote huchukuliwa na gari, na aghalabu gari hiyo imekwisha kutumika Japani miaka mingi kabla ya kuteremshwa bandarini. Ikisha kufika huku hukabidhiwa hewa ya chumvi, ambayo huila bodi kutoka chini bila ya kelele. Uhai wa gari hizo umo mikononi mwa mafundi.

Hata hivyo, mzazi wa kwetu akiulizwa anamtakia mwanawe kazi gani, ni nadra kumsikia akitaja ufundi wa magari. Atataja udaktari, ualimu au kazi ya afisi. Gereji hukumbukwa pale matokeo ya mtihani yanapotoka mabaya, na kijana hupelekwa huko kama anayepelekwa adhabu. Fikra hiyo ni batili. Ndani ya ufundi huo mna kazi nyingi, na kila moja ina elimu yake. Kuna fundi injini, fundi umeme, fundi wa kunyoosha bodi na kuchomelea, fundi rangi, na yule wa breki na usukani ambaye kosa lake dogo ni roho za watu. Nje ya gereji kuna mkaguzi wa magari, mwalimu wa udereva, muuza vipuri anayejua kutofautisha cha asili na cha bandia, na mtathmini anayeiambia kampuni ya bima kama gari iliyogongwa itatengenezeka. Wala tusiwasahau maseremala waliokuwa wakiyavisha malori mabodi ya mbao ya kuchukulia abiria na mizigo ya shamba. Ufundi ule ulikuwa wetu wenyewe, na unastahiki kuandikwa kabla haujapotea. Fauka ya hayo, riziki ya fundi haiishii ufukweni mwetu. Kibaha kuna Shirika la Nyumbu, lililounda lori la jina hilo, na Mombasa kuna kiwanda cha kuunganisha magari.

Kijana wa Unguja au Pemba anayeutaka ufundi huu ana njia mbili. Ya kwanza ni vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, vikiwemo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Na anayetaka kupanda zaidi huweza kuvuka bahari hadi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975. Ya pili, aijuayo kila mtu mtaani, ni gereji ya chini ya mwembe. Huko kijana huanza kwa kuosha vyuma na kumshikia spana bwana wake, naye husoma kwa macho na masikio, hata ikafika siku akaijua hitilafu ya injini kwa mlio wake tu. Wa kituoni hutoka na cheti, lakini pengine hajapata kufungua gia boksi ya gari iliyokataa kwenda. Wa gereji ameifungua mara nyingi, lakini hana karatasi.

Wengi wetu tumepita chuoni. Mtoto aliyeanza na alifu alijua kwamba siku yake ya kuhitimu itafika, atasoma mbele ya mwalimu na wazee wakisikiliza, na kuanzia hapo hakuna wa kumkana. Fundi wa gereji hahitimu. Miaka kumi baadaye angali akiitwa kijana wa fundi fulani, na ikitangazwa nafasi ya kazi yenye sharti la cheti, hurudi zake chini ya mwembe.

Dawa ya jambo hili ipo, wala si ngeni. Tanzania Bara, VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini, na wanaofaulu hupewa vyeti. Hapa Visiwani, upimaji wa namna hiyo uwafuate mafundi kwenye gereji zao, Micheweni kama Mjini. Mtahini amwambie fundi: hii breki, ifungue, kisha uifunge. Wako mafundi hodari ambao kuandika kwao ni kwa shida; wasije wakaangushwa kwa kalamu katika kazi ya spana.

Haraka inaletwa na gari zenyewe. Mwaka 1997 Toyota ilianza kuuza Japani gari iitwayo Prius, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na gari za namna hiyo zikisha kutumika kwao hufika katika nchi zetu. Betri tuliyoizoea ni ya volti 12. Betri kubwa ya Prius hupita volti 200, na nyaya zake hutiwa rangi ya machungwa ili fundi azitambue. Asiyefundishwa maana ya rangi hiyo anaweza kuuawa na umeme akiwa na spana mkononi. Nazo hitilafu za gari za leo husomwa kwa mashine ya kupimia; asiyeijua hubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na hasara humwangukia mwenye gari. Katika kazi hii ya umeme na vipimo tuwaite wasichana pia, kwani haitaki mabavu.

Wakubwa wa wizara zinazohusika wanaweza kuanza na mambo mawili. Kila karakana ya umma ipokee wanafunzi wa vituo vya amali kwa muhula mzima, na mafundi wazee wa gereji waalikwe vituoni kufundisha, hata kama hawana cheti. Masheha wanawajua mafundi wa shehia zao kwa majina. Orodha yao yaweza kuwa tayari kabla ya mwaka wa fedha kuanza mwezi wa Julai.