Kazi Ipi Tuanze Nayo? Tuhesabu Punje



Kijiji kina kazi nyingi za afya, lakini fedha ni kidogo. Mkutanoni mmoja anataka zahanati. Mwingine anataka kisima kifunikwe. Wa tatu anasema tufyeke majani. Mara nyingi anashinda mwenye sauti kubwa.

Uamuzi mbaya una hasara. Sisi tunaofanya kazi zahanati tunamtibu mtoto leo, anapona, kisha anarudi na kuhara kule kule. Wengine hawawahi kufika.

Ipo njia rahisi ya kuamua. Inahitaji punje za mahindi tu.

JINSI YA KUFANYA

1. Chora jedwali ardhini. Weka alama kwa kila kazi: tofali kwa zahanati, kata kwa kisima, jembe kwa vyoo, jani kwa kufyeka. Hata asiyejua kusoma ataelewa.

2. Kwa kila kazi, ulizeni maswali matatu:
(a) Itawafaa watu wangapi?
(b) Itapunguza vifo?
(c) Tunaweza kuimaliza mwaka huu kwa fedha na mikono yetu?

3. Kila jibu lipewe punje. Sana ni 3, kiasi ni 2, kidogo ni 1.

4. Jumlisheni punje za kila kazi.

MFANO

Tuseme kamati ya afya imepima hivi:

Kuchimba vyoo: 3 + 3 + 3 = 9
Kufunika kisima: 2 + 3 + 3 = 8
Kujenga zahanati: 3 + 3 + 1 = 7
Kufyeka majani: 3 + 1 + 3 = 7

Kwa nini vyoo vimeshinda? Kinyesi kina vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Mvua hukipeleka kwenye maji, nzi hukipeleka kwenye chakula, na mikono hukipeleka mdomoni. Choo hufunga njia hizo, mradi watu wote wakitumie na wanawe mikono kwa sabuni. Kichimbwe meta 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

Kufyeka kumepata punje 1 katika swali la pili. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo kufyeka peke yake hakuzuii malaria. Kulala ndani ya chandarua chenye dawa kunafaa zaidi.

Zahanati haikutupwa. Imekosa punje katika swali la tatu tu, kwa sababu inahitaji pia dawa na waganga. Ipangwe na wilaya kwa miaka ijayo. Zahanati na kufyeka zina punje sawa. Zikilingana hivyo, tazameni swali la vifo. Zahanati itangulie.

ANGALIENI

Kila punje itolewe pamoja na sababu yake. Mwenye sauti kubwa hana punje za ziada. Akina mama wanaochota maji na kuuguza watoto waulizwe kwanza, maana wanayaona mambo haya kila siku.

Lakini mgonjwa mahututi hahesabiwi punje. Mtoto anayehara, macho yamebonyea, amelegea au hawezi kunywa, apelekwe kwenye tiba mara moja. Kama anaweza kunywa, apewe njiani maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visijae kupita kiasi. Visawazishwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kazi zipi nne za afya zinazotakiwa kijijini kwenu?
2. Zipimeni kwa punje. Ipi imeshinda, na kwa nini?
3. Nani ataisimamia, na itaanza siku gani?