Meja wa Unga na Sebule Yake

Ukishuka King Street kuelekea Mto Potomac, mjini Alexandria, ng'ambo ya Washington, pinda kushoto Fairfax Street utakuta jumba la mawe lililojitenga na barabara. Lilikamilika mwaka 1753, mji mkuu wa Marekani ukiwa bado haumo hata kwenye ramani. Mwenyewe, John Carlyle, alikuwa mfanyabiashara kutoka Scotland na mmoja wa wadhamini walioanzisha Alexandria mwaka 1749. Yeye na Lawrence, kaka yake George Washington, walioa mtu na dada yake.

Januari 1754 Gavana Dinwiddie wa Virginia alimpa umeja na kazi ya ugavi: kuwalisha askari wanaokwenda bonde la Ohio kuwakabili Wafaransa. Njia ilikuwa pori, mikokoteni haba. Askari hao, wakiongozwa na George Washington, wakaishiwa unga, na tarehe 3 Julai wakasalimu amri kwenye ngome ya Fort Necessity. Sisi wa nchi ya Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, hatuhitaji kuelezwa kwamba vita hupiganwa kwanza na wabeba mizigo.

Mwaka uliofuata vita vikahamia sebuleni kwa Carlyle. Jenerali Edward Braddock wa jeshi la Uingereza alilifanya jumba hilo makao yake, na Aprili 1755 akakutana humo na magavana watano wa makoloni. Swali zito lilikuwa moja: nani alipie vita? Mabaraza ya makoloni yalikuwa hayataki kuchangia mfuko wa pamoja, basi magavana wakaona heri Bunge la London liyalazimishe. Miaka kumi baadaye Bunge hilo likayatoza makoloni kodi ya stempu, na ghadhabu zikafuata.

Carlyle naye alikuwa na bili yake. Alimwandikia kaka yake kulalamika kwamba mgeni wake Braddock aliiharibu nyumba na samani, na fidia ikawa kama hakuna. Watumwa waliokuwa wakiihudumia nyumba hiyo hawakuwa na wa kumwandikia.

Julai 1774, kaunti ya Fairfax ilipopitisha maazimio ya kupinga kutozwa kodi na bunge wasilo na mwakilishi ndani yake, meja huyu wa zamani aliteuliwa kwenye kamati ya kaunti hiyo, pamoja na George Washington. Alifariki mwaka 1780. Mwaka mmoja baadaye mwanawe, George William, aliuawa kwenye mapigano ya Eutaw Springs, katika vita vya uhuru wa Marekani, akipigana dhidi ya jeshi la mfalme wa Uingereza ambalo baba yake alikuwa amelitafutia unga.