Nani Hulipia Mto wa Kiti cha Magurudumu?

Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu, haihesabu kiti cha magurudumu kuwa kifaa kimoja. Kiti kina msimbo wake wa malipo. Mto wa kukalia una wake, na egemeo la mgongo lina wake. Hali ni hiyo hiyo kwa egemeo la kichwa, mkanda wa nyonga na pedi za ubavuni zinazomzuia mtu asilalie upande. Misimbo ya vifaa hivi vya kuongezwa kitini kwa kawaida huandikwa kwa herufi E na tarakimu nne, na kila kundi lina masharti yake. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupewa kiti bila ubishi, kisha akanyimwa mto wa kukiwekea.

Mto wa kawaida ndio rahisi: aliyestahili kiti, kwa kawaida hustahili na mto huo. Mto wa kulinda ngozi unataka zaidi. Mgonjwa awe na kidonda cha mgandamizo, au aliwahi kuwa nacho, katika sehemu ya mwili inayogusa kiti. Ama awe hana hisia za kutosha mahali hapo au hawezi kujiinua kupunguza mgandamizo, kwa sababu ya ugonjwa uliomo katika orodha ya bima. Mto wa kuweka mwili sawa hutolewa kwa mtu ambaye mwili wake umepinda au kuegemea upande mmoja kwa kiasi kikubwa, na chanzo chake kiwe kwenye orodha pia, mathalani kupooza kwa kiharusi. Upana nao hubadilisha msimbo: chini ya inchi 22 ni mmoja, kuanzia 22 na kuendelea ni mwingine.

Mto au egemeo la mgongo linalochongwa kwa vipimo vya mtu mmoja halilipiwi mpaka mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi aandike tathmini kamili inayoeleza kwa nini vilivyotengenezwa tayari havimfai. Mtaalamu huyo asiwe na uhusiano wa kifedha na muuzaji. Sharti hilo lina busara yake, maana anayepata faida kwa kuuza si wa kuaminiwa kupima haja ya mnunuzi.

Pedi ya ubavuni, E0956, inaonyesha jinsi ankara inavyosomwa. Mzee aliyepooza upande wa kushoto huinamia upande huo kila akikaa, hata kula humshinda. Pedi hutozwa moja moja, na mwishoni mwa msimbo huongezwa LT kwa kushoto au RT kwa kulia. Bei yake tayari imejumuisha chuma kisichosogea cha kuifungia kitini, hivyo muuzaji anayetoza chuma hicho peke yake anatoza mara mbili. Chuma kinachokunjuka pembeni ili mzee ahamie kitandani kina msimbo wake, ila kumbukumbu za matibabu zieleze haja yake. Muuzaji akiongeza herufi KX, anatamka kwamba masharti yametimia na ushahidi anao. Mkaguzi akija asiukute, malipo hurudishwa.

Dai likikubaliwa, Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa na mgonjwa asilimia 20, baada ya kutimiza kiasi cha mwaka anachotakiwa kulipa kwanza. Mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Muuzaji akihisi dai litakataliwa kwa kuonekana si la lazima, humpa mgonjwa fomu ya tahadhari mapema, na mgonjwa akiisaini amekubali kwamba huenda akabeba gharama yote.

Sharti lililo gumu kulitetea ni la nyumbani. Kiti lazima kihitajike ndani ya nyumba. Anayejikongoja kwa fimbo hadi jikoni lakini hafiki dukani hapewi kiti, na pasipo kiti hakuna mto wala egemeo. Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo inayoendeshwa na majimbo, haifungwi na sharti hilo, na kwa walio chini ya miaka 21 inawajibika kulipia matibabu ya lazima kwa upana zaidi.

Medicare ikikataa, rufaa ina ngazi tano, ya mwisho ikiwa mahakama ya shirikisho. Ya kwanza huombwa ndani ya siku 120 tangu kupokea uamuzi. Barua inayosema tu kwamba mgonjwa anateseka haifiki mbali. Iambatane na tathmini, vipimo vya mwili na maelezo ya kile kinachomshinda akikaa bila kifaa hicho. Ngazi hiyo ya kwanza haina ada, na mgonjwa anaweza kuiomba mwenyewe.