KILA NGOMBE NA ALAMA YAKE

Mama, siku ile ulileta mtoto wako hapa kwa kumpima, tulimpa karti. Ndani yake tunaandika jina lake, siku aliyozaliwa, kilo zake na sindano alizopata. Hata watoto makumi wakilia pamoja mbele ya mlango, hatuwachanganyi, kwa sababu kila mmoja iko na karti yake. Sasa tunakuuliza: ngombe na mbuzi za kwenu ziko na karti gani?

Pengine utacheka: "Mbuzi anataka karti ya nini? Mimi ninawajua wote." Ndiyo, wewe unawajua. Lakini siku mmoja anauzwa sokoni, yule anayemnunua hamjui. Na ugonjwa unatembea pamoja na mbuzi yule, kimya kimya.

MAZIWA YALITOKA WAPI?

Tuseme hivi. Mama mmoja anatuletea mtoto. Homa inapanda mangaribi, inashuka asubuhi. Amemaliza dawa ya malaria, lakini homa ingali pale. Usiku anatoka jasho, na magoti inamuuma. Tunauliza: anakunywa maziwa mabichi? "Ndiyo." Maziwa ya ngombe gani? "Tunanunua tu kwa njia." Hapo tunakwama.

Kuna ugonjwa unaoitwa bruselozi. Ngombe ao mbuzi aliye nao anaweza kuonekana mnene na mzima. Alama yake kubwa ni kutupa mimba. Vijidudu vyake viko katika maziwa, na vingi sana katika kondo la nyuma na maji ya kuzaa. Mtu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi, ao kwa kushika vitu vile kwa mikono mitupu. Mama mwenye mimba naye anaweza kuharibikiwa mimba yake. Dawa iko, lakini inamezwa kwa wiki nyingi.

Tena homa haianzi siku ile ile. Mara nyingi inaanza nyuma ya wiki 2 mpaka 4, na mara ingine nyuma ya miezi. Nani atakumbuka maziwa ya mwezi uliopita? Kichwa kinasahau, buku haisahau.

ALAMA INASAIDIA NINI?

Ngombe mwenye namba akitupa mimba, munganga wa nyama, yule tunaita veterineri, anapima damu yake, halafu anafungua buku. Ngombe huyu alitoka kwa nani? Alilala pamoja na ngombe gani? Nani walikunywa maziwa yake? Anafuata njia ile hatua kwa hatua mpaka anawapata wagonjwa. Lakini kama ngombe hana alama, wote wanashukiwa, na yule mgonjwa anapelekwa upesi kwa soko ingine, akaharibu kijiji cha wengine.

Wazee wanakumbuka sotoka, ugonjwa uliomaliza ngombe wengi wa Afrika. Kuanza mwaka 1962, inchi nyingi ziliungana kuchanja ngombe. Mahali pengi, ngombe aliyechanjwa alitiwa alama sikioni, ili wajue nani amepata sindano na nani amebaki. Ugonjwa ulirudi tena, nao wakachanja tena. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha katika dunia yote.

NAMNA YA KUFANYA

1. Tia alama. Hereni ya plastiki yenye namba ni nzuri. Veterineri anaitia sikioni kwa koleo yake. Kama haipatikani, mwombe akate alama ndogo kwa ukingo wa sikio. Wembe uchemshwe kwanza, tena uchemshwe mbele ya kila nyama, kwa sababu damu inachukua ugonjwa. Kamba ya shingo inasaidia kidogo, lakini inakatika, na mwizi anaibadilisha.

2. Andika. Buku ya shule inatosha. Andika namba, rangi, siku alizaliwa ao mulimnunua, alitoka kwa nani, sindano alizopata, siku alizaa ao alitupa mimba, na kama ameuzwa, alikwenda kwa nani. Kama hujui kuandika, utaje tu. Mtoto wa shule ataandika.

3. Nyama mupya akae peke yake wiki 3. Hasa nguruwe. Homa ya nguruwe haishiki watu, lakini inaweza kumaliza nguruwe zote za kijiji, na feza ya masomo inakwenda nazo. Mtu akiuza nguruwe haraka kwa bei ya chini, uliza kwanza sababu.

4. Ngombe ao mbuzi akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu. Mama mwenye mimba asikaribie kabisa. Zikeni vile vitu chini sana, mbali na maji, halafu muite veterineri.

5. Nyama akikufa ghafula, na damu nyeusi inatoka puani, musimpasue, musimchune, musimkule. Inaweza kuwa kimeta. Mwaka 2025 kimeta kiliua viboko wengi katika Mbuga ya Virunga. Mukifungua mwili, vijidudu vinaingia katika udongo na kukaa humo miaka mingi.

6. Chemsha maziwa yote mpaka yatokote. Kama unataka ya kuganda, chemsha kwanza, halafu ugandishe. Alama haiui vijidudu. Moto ndio unaua.

"NGOMBE NI ZA BWANA YANGU"

Wamama wengi wanatuambia hivi. Ni kweli. Lakini nani anapika maziwa? Nani anabeba mtoto mwenye homa mpaka hapa? Ongea na bwana yako mangaribi, kwa upole. Mwambie buku hii inalinda mali yake: ngombe akiibiwa, namba itamshuhudia.

Na siku homa ya mtoto inakataa kuisha, usikawie nyumbani. Njoo na karti ya mtoto, njoo na buku ya ngombe. Tutazisoma zote mbili pamoja.

MAULIZO

1. Maziwa ya watoto wako yanatoka kwa ngombe gani?
2. Nyama mupya anakaa peke yake wiki ngapi?
3. Ngombe akitupa mimba leo, utafanya nini kwanza?