Kuripoti mambo ya kutilia shaka mtaani: ni uzalendo ama ni kuchomeana?

Kila mjadala wa usalama huishia hapa. Mwanasiasa anasema, "Wananchi mripoti!" Upande wa pili unamjibu, "Turipoti kwa nani, na polisi wenyewe ndio wanatuuza?" Watu wanapiga makofi, wanaenda nyumbani. Wacha tuichambue pole pole.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka polisi wafanye kazi pamoja na wakazi. Nyumba Kumi nayo ilisukumwa sana baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Wazo lenyewe tulilikopa Tanzania, kwa mabalozi wa nyumba kumi. Kule lilianza kama mizizi ya chama tawala, hapa likaletwa kama dawa ya usalama. Ndiyo maana kuna watu bado wanaliona kama jicho la serikali ndani ya ploti, na siwezi kuwalaumu.

Lakini hebu fikiria. Waliovamia DusitD2 Januari 2019 waliua watu 21, na mmoja wao alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu. Nyumba ya kawaida, majirani wa kawaida. OCS hawezi kuishi kwa kila ploti. Anayejua kwamba kuna gari hushusha magunia saa nane usiku ni wewe na mama wa duka.

Sasa, hapa ndipo mjadala huharibika. Cha kutilia shaka ni kitendo, si mtu. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Jiulize: mtu aliyeburutwa usiku mbele ya watoto wake, kesho akiona kitu atapiga simu? Umemfunga mdomo yule yule uliyemhitaji.

Kwa hivyo ukiripoti, sema ulichoona: saa ngapi, wapi, watu wangapi, namba ya gari, walifanya nini. "Kuna wageni hawasalimii watu" ni udaku tu. Na kumsingizia jirani kwa polisi kwa sababu mnagombania mpaka ni kosa la jinai.

Halafu kuna huu uongo kwamba Wakenya hawaripoti. Shakahola, Kilifi: kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilisema kwenye ripoti yake ya 2024 kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walizembea, wakakosa kushughulikia taarifa za kuaminika walizoletewa. Yaani kuna watu walisema, na hawakusikizwa. Mwanasiasa anayelaumu wananchi peke yao ameruka nusu ya hadithi.

Basi ufanye nini? Kama ni dharura, piga 999 ama 112. Kama unaogopa kujulikana, laini ya DCI ni 0800 722 203. Ni bure na si lazima utaje jina. Ukienda kituoni, usitoke bila namba ya OB, na usilipie. Bila hiyo namba, kesho utaambiwa hukuwahi kufika. Wakikupuuza, ama habari zikimfikia uliyemripoti, IPOA hupokea malalamishi dhidi ya polisi.

Sheria ya kulinda mashahidi iko tangu 2006, lakini usidanganyike: haimfuniki kila anayepiga simu. Ni ya shahidi aliye hatarini, na lazima kwanza akubaliwe kwenye mpango.

Ndiyo maana grupu ya WhatsApp ya ploti si mahali pa kuripoti. Kwanza, binamu ya mshukiwa yuko humo. Pili, tunajua vile huwa: mtu anarusha picha, "mwizi ni huyu", na kabla ya mtu yeyote kuuliza ushahidi uko wapi, vijana washabeba tairi. Hapo kuna mtu atakufa, na pengine ni mvulana aliyekuja tu kumtembelea shangazi yake.

Wakija kuomba kura, waulize hivi: taarifa ngapi zilifika kituo chetu mwaka jana, ngapi zilifuatiliwa, na walioripoti walilindwa vipi? Msikubali kujibiwa kwa wimbo.