Shuka Voi: Taita Taveta kwa matatu, bodaboda na miguu

Kila siku maelfu ya abiria hupita Voi wakielekea Mombasa au wakirudi Nairobi. Wengi wanaujua mji huu kama mahali pa kunyoosha miguu na kununua maji, na Tsavo kama dirisha la treni ambalo ndovu wekundu wa vumbi hupita upande wa pili. Likizo wanaiweka Pwani, na mbuga wanawaachia wenye magari ya kifahari na pesa za lodge.

Hapo wanapoteza mengi. Mtu mwenye begi mgongoni, viatu imara na subira ya kungoja matatu ijae anaweza kuona katika kaunti ya Taita Taveta misitu ya mlimani, ziwa lililo ndani ya kreta, medani za Vita vya Kwanza vya Dunia na soko la mpakani, bila kukodi gari la kibinafsi hata mara moja. Tena shilingi nyingi anazozitoa zinaangukia mkononi mwa mwenyeji.

Kufika si kazi. Treni ya asubuhi ya reli ya kisasa (SGR), ile inayosimama vituo vya kati, huteremsha abiria Voi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, na anayeshuka njiani hulipa pungufu ya hiyo. Mabasi nayo hupita mchana na usiku. Kwa kuwa barabara ya Taveta inaungana hapa na ile kuu ya Nairobi na Mombasa, Voi imezoea kulaza wageni wa kila aina: madereva wa malori, wachuuzi, wanafunzi, watumishi wa serikali. Ndiyo maana gesti za bei ya wananchi hazikosekani. Tafuta iliyo mbali kidogo na barabara kuu ili kelele za malori zisikunyime usingizi, kisha ukague mambo matatu kabla ya kulipa: maji, neti na feni. Voi ina joto.

Anayetaka kuingia Tsavo Mashariki ana lango karibu na mji. Mbuga za Tsavo zilitengwa mwaka 1948, na ndani hutembei kwa miguu, kwa hiyo njia ya mwenye bajeti ndogo ni kuungana na wenzake wakodi gari moja na kugawana gharama. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, si kwa noti mkononi. Mwenye hema lake anaweza kulala katika kambi ya Ndololo, ndani ya mbuga, si mbali na lango la Voi.

Lakini uzuri wa safari hii haukomei langoni. Kusini mwa mji umesimama mlima Sagalla, ambako wakulima wanaishi jirani kabisa na ndovu. Hapa mradi wa shirika la Save the Elephants umewasaidia kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka na mnyama hugeuza njia. Mahindi yanapona, na mkulima anavuna asali. Mgeni anayenunua chupa ya asali Sagalla anamsaidia mkulima kuendelea kuishi na mnyama ambaye watalii wanatoka mbali kuja kumtazama.

Kutoka Voi, matatu za Wundanyi hupita Mwatate, penye mashamba makubwa ya katani, kisha huanza kupanda kona baada ya kona. Joto hubaki chini. Juu kuna migomba, mboga katika matuta ya mlimani, na ukungu wa asubuhi unaodai sweta, hasa kati ya Juni na Agosti. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoshuka Tanzania kupitia Usambara hadi Udzungwa. Misitu iliyosalia, kama Ngangao na Mbololo, ni vipande vidogo tu, lakini ina ndege na mimea isiyopatikana kwingine kokote duniani. Chukua kijana wa hapo akuongoze. Anazijua njia, anazijua sauti za ndege, na ujira wake ni sehemu ya gharama ya safari.

Katika milima hii pia kuna mapango ambamo Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya wazee wao. Hayo ni makaburi ya watu wenye wajukuu walio hai. Usiende bila ruhusa ya wazee wa mahali, usiguse kitu, na ukiambiwa usipige picha, weka simu mfukoni.

Ukirudi Mwatate ukashika gari la Taveta, unaingia katika historia ambayo shule nyingi huipitia kwa aya moja. Agosti 1914 Wajerumani kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani waliuteka mji wa Taveta. Waingereza wakajenga kwa haraka reli kutoka Voi kuelekea mpakani ili kubeba wanajeshi, na tarehe 12 Februari 1916 jeshi lao, wakiwemo askari wa Afrika Kusini, lilishambulia kilima cha Salaita na kurudishwa nyuma. Makaburi ya kijeshi ya Voi, Maktau na Taveta yametunzwa vizuri. Soma majina, kisha uwakumbuke wapagazi Waafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, ambao wengi wao hawakuwekewa jiwe lenye jina.

Raia nao hawakusalimika. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia ugenini, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurejea kwao. Vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau, unaofikiwa kupitia Maungu, vimewahi kuwa na banda za wageni zinazosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Ulizia kwa simu kabla ya kwenda.

Taveta, panga ufike Jumatano au Jumamosi. Ndizo siku za soko, wachuuzi wa Kenya na Tanzania wanapokutana na ndizi zikapakiwa kwenda miji mikubwa. Kula hapohapo sokoni. Kisha bodaboda ikupeleke Ziwa Chala, maji ya kina kirefu katikati ya kreta, nusu yake Kenya na nusu Tanzania, na Kilimanjaro ikiwa nyuma yake mbingu zikitakata. Usiogelee, kwa kuwa mamba wameshaua humo. Na kokote karibu na mbuga, usitembee kwa miguu giza likishaingia, maana ndovu hawajui mpaka.

Kwa nini tujali msafiri mwenye pesa kidogo? Kwa sababu takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya Tsavo, na kilio cha wenyeji kwamba mapato ya mbuga hayawafikii ni cha miaka mingi. Malipo ya langoni huenda kwa serikali kuu. Faida ya lodge mara nyingi huenda mbali zaidi. Mwenye begi hulipa gesti ya mtaani, mama wa chapati na maharagwe, makanga wa matatu, kijana wa Ngangao.

Bangkok ilifaidika na wageni wa namna hiyo. Mtaa wa Khao San ulikuwa wa wafanyabiashara wa mchele na bidhaa za kawaida hadi miaka ya 1980, familia zilipoanza kukodisha vyumba vya nyumbani kwa vijana wa kigeni wasio na fedha nyingi. Leo unajulikana ulimwengu mzima. Hawakungoja mwekezaji mkubwa. Walianza na chumba kimoja na shuka safi.

Wundanyi na Voi zinaweza kuanza hivyohivyo. Kaunti ikiweka kwenye steji ubao wa nauli, njia na nambari za waongozaji waliosajiliwa, mgeni hatahitaji wakala. Nasi wasafiri tuna wajibu wetu. Kusafiri kwa bajeti ni kuacha anasa, si kumpunja mwenyeji. Usibishane na mama wa ndizi kwa shilingi kumi wala usimlipe mwongozaji kwa ahadi ya picha mtandaoni. Uliza bei, lipa bei, na ukirudi nyumbani uwaambie wenzako washuke Voi.