Miaka Saba ya Kwanza: Chekechea ya Nyumbani na Mtoto Anayetuiga



Mwaka uliopita mkaza mwanangu alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, akiwa na swali. Mwanawe, mjukuu wangu, alikuwa na miaka mitatu. Mama huyu aliazimia kumlea nyumbani kwa mtindo wa chekechea uitwao Waldorf mpaka wakati wa kumpeleka shule ufike, naye alitaka kujua kama mtindo huo una ubaya katika dini. "Baba," akaniambia kwa adabu, "mimi nimeupenda, lakini asili yake ni Uzunguni. Nisaidie kuupima." Nikamwomba muda nisome. Sikumwambia kwamba swali lake lilikuwa limenigusa penye jeraha la zamani. Hilo nitalieleza mbele, inshallah.

ASILI YAKE

Mtindo huu ulianza katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, mara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwenye kiwanda cha sigara kilichoitwa Waldorf-Astoria, Emil Molt, alimtaka Rudolf Steiner, mwanafalsafa mzaliwa wa Austria, awafungulie shule watoto wa wafanyakazi wake. Jina la kiwanda likawa jina la shule. Steiner alifariki mwaka 1925, na chekechea ya kwanza ikafunguliwa hapo Stuttgart mwaka uliofuata. Leo shule hizi zimeenea duniani, na hata hapa Kenya zipo, kama ile ya Mbagathi, pembezoni mwa Nairobi.

Msingi wa malezi yenyewe ni huu: katika miaka saba ya kwanza mtoto hafunzwi kwa maelezo, bali hujifunza kwa kuiga. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea hasimami ubaoni. Hukanda unga, hufuma, hufagia, hupika mchuzi, na watoto humzunguka wakicheza na kumsaidia. Kila siku ina mpango wake usiobadilika, na kila siku ya juma ina kazi yake: leo mkate, kesho kupaka rangi, keshokutwa matembezi. Hadithi husimuliwa kwa mdomo, na hadithi moja hurudiwa siku nyingi mfululizo. Vitu vya kuchezea ni vya mbao, pamba, mawe na makombe. Kusoma na kuandika hakuanzi mpaka mtoto akaribie miaka saba, na televisheni na simu hazina nafasi.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Nilimwona marehemu nyanya yangu ukumbini, uteo mapajani, akipepeta mchele, nasi wajukuu tumemzunguka, huyu anaokota chuya, yule anasokota ukili uliombovukia. Jioni ilikuwa "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Hadithi tuliijua yote, na akikosea neno tulimsahihisha. Nyanya hakupata kusikia habari za Stuttgart.

LA KUCHUKUA NA LA KUACHA

Hata hivyo, nilimwambia mkaza mwanangu asiuchukue mtindo huu mzimamzima. Steiner alikuwa na itikadi yake aliyoiita anthroposofia, ambayo ndani yake mna imani kwamba roho ya mtu hurudi duniani mara kwa mara katika miili mingine. Sisi hatuna imani hiyo. Mtu hufa mara moja, kisha ni barzakhi na kufufuliwa. Pia chekechea nyingi za namna hii hufuata sikukuu za Kikristo za Ulaya, na baadhi huanza siku kwa maneno ya Steiner yaliyo mfano wa dua. Hayo tunayaacha yalipo. Ukanda wa unga, mchezo wa makombe, utaratibu wa siku na hadithi ya jioni si itikadi ya mtu yeyote. Hekima muumini huichukua popote aikutapo.

Na badala ya tunayoyaacha tunayo yetu yaliyo bora. Walimu wa Waldorf hujitahidi kumtengenezea mtoto mpigo wa siku ili moyo wake utulie. Sisi mpigo huo tumepewa mara tano kwa adhana. Wao huweka meza ndogo ya majira ya mwaka, yenye majani na matunda ya wakati huo. Mtoto wetu ana kaskazi na maembe yake, ana kusi na bahari iliyochafuka, ana mwezi mwandamo wa Ramadhani anaoutafuta juu ya paa pamoja na baba yake, ana Idd na nguo mpya.

Hata mwanasesere, ambaye wengi huniuliza habari zake, ana mahali pake. Yule wa Waldorf hushonwa kwa kitambaa, na uso wake huachwa bila sura kamili ili mtoto aikamilishe kwa mawazo yake. Bibi Aisha (R.A.) alicheza na wanasesere pamoja na wenzake, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Kwa hiyo wanazuoni wengi wameruhusu kwa watoto. Kipande cha leso kuukuu na pamba kidogo vinatosha.

SIKU MOJA NYUMBANI

Mama asidhani kwamba haya yanataka fedha. Asubuhi, baada ya uji, mtoto afanye kazi na mama: aoshe vikombe vya bati, achambue mchele, ashike kifumbu tui likichujwa. Kazi itachelewa, na mchele utamwagika. Vumilia, kwa sababu hilo ndilo somo lenyewe. Kisha aachiwe acheze peke yake uani kwa muda mrefu, na vifuu, mchanga, mbegu za ubuyu na leso mbili za kujengea nyumba. Usimwelekeze kila dakika. Adhuhuri chakula na usingizi. Alasiri matembezi hadi ufuoni au dukani kwa miguu. Baada ya Isha taa ipunguzwe, hadithi moja isimuliwe, ile ile kwa juma zima, kisha dua ya kulala.

Na simu? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Najua mama aliyechoka humpa mtoto simu ili apate kupika. Simlaumu. Lakini ampe kisahani cha choroko achambue kando yake, aone kama hatatulia.

JERAHA LANGU

Sasa nieleze lile nililoliahidi. Baba wa mjukuu huyu, mwanangu wa kwanza, nilimkalisha mkekani kabla hajatimiza miaka minne. Juzuu ilikuwa mbele yake na henzerani mkononi mwangu. Nilikuwa mwalimu wa chuo kijana, nami nilitaka watu waseme mwana wa mwalimu amehitimu mapema. Darasa letu lilikuwa baada ya Alasiri. Baada ya miezi michache mke wangu aliniita chumbani akanionyesha: muadhini alipoanza tu adhana ya Alasiri, mtoto aliingia uvunguni mwa kitanda akaziba masikio. Nilikuwa nimemfunza mwanangu kuiogopa adhana.

Alhamdulillahi alikuja kusoma, na anaswali. Lakini alipopata mtoto aliniambia bila hasira, "Baba, huyu nitamfundisha mimi mwenyewe." Neno hilo nimelibeba tangu siku hiyo.

Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka saba. Kabla ya hapo alikuwa akimbeba mjukuu wake Umama naye yumo ndani ya sala: akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Mtoto yule hakuamrishwa kitu. Alikuwa ndani ya sala kwa mwili wake, akiiona na kuisikia.

Wazazi huniuliza, je, mtoto hatachelewa? Wasomi wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwalinganisha watoto walioanza kusoma wakiwa na miaka mitano na waliosubiri hadi saba katika shule za Steiner. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kufikia miaka kumi na mmoja waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao. Haraka haraka haina baraka.

Sisemi mtoto afichwe shule. Akitimiza miaka minne aende PP1 kama wenzake, na nyumba ibaki na utaratibu wake jioni na siku za mapumziko. Wala sisemi chuo kifungwe. Kuzipokea sura fupi kwa sikio, kwa kumfuata msomaji, ni kuiga, na kuiga ndiyo kazi ya umri huu. Ninachokikataa ni henzerani na ushindani wa wazazi.

Mwanangu alikubali mkewe aendeshe chekechea yake katika ukumbi wangu, kwa sharti moja: babu asifundishe. Nami nilitii. Nilisoma msahafu wangu, nikaswali, nikasokota ukili. Miezi ikapita. Alfajiri moja mjukuu akatandika leso ya mama yake kando ya mswala wangu, akafunga mikono, akasoma Alhamdu yote. Palipofika mahali ambapo mimi hukohoa kila siku kwa sababu ya kifua changu, naye akakohoa.

Nilipotoa salamu nilimwona baba yake amesimama mlangoni. Hakusema kitu, lakini kuanzia siku hiyo humleta mtoto mwenyewe kwangu kila Alasiri.

Furaha yangu haikumaliza siku nzima. Adhuhuri nilimsikia mtoto uani akimkemea paka kwa maneno makali, kwa sauti ninayomkemea nayo mwendesha tuktuk anayeziba mlango wetu. Kikohozi alikichukua, na ghadhabu pia aliichukua. Ndugu zangu wazazi, chekechea ya nyumbani tayari imefunguliwa katika kila nyumba yenye mtoto, tupende tusipende, na sisi ndio kitabu kinachosomwa humo. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atusamehe tuliyowakosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.